Kaka anataka viwanja 36, halmashauri imerudisha mchoro

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi na ndugu zangu wanne tumeachiwa na marehemu baba shamba la eka nne Pongwe, hapa Tanga. Upande wa mbele, mita 90, linapakana na barabara kuu iendayo Segera; kwenda nyuma ni mita 180. Mpaka wetu wa mbele unaanza kama mita 15 kutoka katikati ya lami. Kaka mkubwa alimpata kijana mwenye kompyuta akatuchorea viwanja 36 vya mita 20 kwa 20, safu nne za viwanja tisa, na njia mbili za mita 5. Tulipoupeleka halmashauri, mchoro ukarudi umejaa maandishi: barabara ziwe mita 10, ziunganishwe, zifike mpaka wa nyuma, eneo la wazi lioneshwe, maji ya mvua yaelezwe yanakwenda wapi, na viwanja vya mbele visogee nje ya hifadhi ya barabara. Kaka anasema huku ni kutunyang'anya, heri tuuze kwa hatua za miguu, bila kupima, kama wenzetu. Watu wawili wameshatoa nusu ya pesa, wanataka vya mbele wajenge fremu za maduka. Nyuma kuna mwembe wa babu na makaburi. Je, ardhi ya barabara tutalipwa fidia? Na tukiuza kwa hatua kuna ubaya gani?"

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu baba. Nimefanya kazi ya mipango miji hadi kustaafu, na michoro ya namna hiyo nimeirudisha mwenyewe kwa mkono wangu, mingi tu. Nitakwambia yale ambayo yule afisa angekwambia kama angepata nafasi ya kuketi nanyi chini ya huo mwembe, maana pembeni mwa karatasi huandikwa maneno matatu na mwenye shamba husoma matusi.

Nianze na hao watu wawili, kwa sababu hilo ndilo la haraka. Msipokee hata shilingi nyingine kutoka kwao.

Barabara ya Segera ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeipa barabara ya aina hiyo hifadhi, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, ya mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya lami. Kabla yake zilikuwa mita 22.5. Ninyi mpaka wenu unaanza mita 15 kutoka katikati. Kwa hiyo mita 15 za mwanzo za shamba la baba, kwa upana wote wa mita 90, ziko ndani ya hifadhi. Sasa chukua mchoro wa kaka yako uangalie safu ya mbele: viwanja vinne, kila kimoja kina kina cha mita 20. Ondoa 15. Mnawauzia watu kipande cha mita 5 kwa 20, na fremu zao zitasimama pale panaposubiri alama ya X ya kubomolewa.

Hizo X zina rangi mbili na watu huzichanganya. Nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani: huyo huondoka mikono mitupu. Kijani ni kwa aliyekuwa kihalali kwenye kile kipande kilichoongezwa na sheria ya 2007, kati ya mita 22.5 na 30: huyo anastahili fidia siku barabara itakapopanuliwa. Shamba lenu limegawanyika sawasawa hapo, mita saba na nusu upande huu, saba na nusu upande ule. Tafuteni ushahidi wa lini baba alianza kulima hapo, minazi yake na majirani wa siku nyingi, muuhifadhi vizuri. Lakini kuuza kiwanja cha kujenga humo, hapana. Warudishieni watu pesa yao au wapeni viwanja vya ndani wakikubali, na mfanye hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mkiacha hivi hivi, baadaye mtakuwa mnajibu Polisi.

Kwa hiyo ile 36 haikuwepo tangu mwanzo. Zilikuwa 32. Mwambie kaka taratibu, akiwa ameshakula.

Tuje kwenye njia za mita 5, ambazo naona ndizo zimemuuma zaidi. Lori la mchanga, gari la zimamoto, gari la kunyonya maji taka, yote haya yana upana wa kama mita mbili na nusu. Mawili yakikutana, mita 5 zimekwisha na vioo vinagongana. Wape nafasi ya kupumua, sema mita 6. Weka mtaro wa maji kila upande, umefika 8. Nguzo za TANESCO zinataka pa kusimama, bomba la maji linataka pa kulala bila kupitiwa na magurudumu, na mtoto anayekwenda madrasa anataka pa kupita. Hapo ndipo inapotoka ile mita 10. Hakuna aliyeiota.

Na mita 5 kwenye karatasi si mita 5 mtaani. Nawajua watu wetu. Ukuta unajengwa juu ya mpaka, msingi unatoka nje ya mpaka. Kisha linaongezwa baraza, maana nyumba ya Tanga bila baraza ni ghala. Baada ya baraza ngazi mbili. Upande wa pili naye anafanya vilevile. Miaka kumi baadaye njia ya mita 5 inapitisha bodaboda moja, na ikikutana na mkokoteni mmoja wao arudi nyuma.

Mwaka mmoja nilikwenda kuzika katika mtaa uliokatwa kwa hatua. Sitautaja, wenyewe wanajijua. Kichochoro kilikuwa kinapita vizuri mpaka kwenye kona. Pale jeneza halikukata. Walijaribu kuliinamisha, wazee wakakataa, maiti hainamishwi. Mwishowe vijana wanne wakapanda juu ya ukuta wa jirani, wakalipokea kutoka upande huu wakaliteremsha upande ule, na watu wakisoma shahada. Mwenye ukuta alikuwa amesimama pembeni anatazama chini. Yeye ndiye aliyeusogeza ule ukuta. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kwa nini tunataka pembe za viwanja vya kona zikatwe kidogo, huwa namsimulia hilo kabla sijagusa hesabu ya magari kugeuka.

Ukitaka kuona kinyume chake, hamna haja ya kwenda mbali. Panda daladala uende Ngamiani. Barabara zimenyooka, zina namba, ukimwambia bodaboda "barabara ya kumi na mbili" hakuulizi uko karibu na nani. Viwanja vya Ngamiani si vikubwa, na nyumba zake nyingi ni za kawaida kabisa, za vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati. Lakini gari linafika kila mlango, na mji ulipobadilika, nyumba ya chini ikageuka ghorofa na chumba cha mbele kikawa duka, barabara ilikuwa bado ipo inangoja. Majumba huvunjwa na kujengwa upya, hata mara tatu katika umri wa mtu mmoja. Njia iliyopita hapo haihami kirahisi. Ndiyo sababu kamati, ikiletewa mchoro, jicho lake la kwanza huenda kwenye nafasi iliyo kati ya viwanja.

Kamati yenyewe usiiogope. Mchoro wa eneo la jiji unakaguliwa kwanza na wataalamu: mipango miji, upimaji, ardhi, barabara, mazingira. Kisha unakwenda kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo ni kamati ya madiwani, na ukipita hapo unapelekwa kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji wa Wizara ya Ardhi au aliyekasimiwa mamlaka hayo. Sheria inayoongoza ni ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007. Baada ya idhini ndipo mpimaji mwenye leseni anapoweka mawe ya mipaka, yaani bikoni, ramani yake inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na hapo ndipo hati inapoweza kuombwa, kiwanja kimoja kimoja. Mawe kabla ya mchoro ni kazi bure. Kuna watu wanauziwa viwanja "vyenye bikoni" na zile bikoni zimemwagwa na fundi ujenzi jana yake.

Jambo jingine: kijana mwenye kompyuta asaidie kuandika barua. Mchoro wa mipango miji lazima uandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa na bodi yao. Bila hivyo ungerudi tu, hata kama barabara zingekuwa za mita 20.

Sasa nimekaa na vipimo vyako nikajaribu kuchora. Mtaalamu wenu atachora vizuri kuliko mimi, maana yeye ataona ardhi inavyoinama, lakini hii itakupa picha ya kumwonesha kaka.

Ukitoa mita 15 za hifadhi, mnabaki na mita 90 kwa 165, yaani mita za mraba 14,850. Weka barabara ya mita 10 mbele kabisa, sambamba na barabara kuu, nyuma ya hifadhi. Kutoka hapo teremsha barabara mbili za mita 10 hadi mpaka wa nyuma. Mnapata safu nne za viwanja vya mita 23 kwa 17.5, yaani mita za mraba 402 na nusu, kubwa kidogo kuliko vile vya kaka. Kila safu inabeba sita. Jumla 24. Nyuma kabisa unabaki mkanda wa mita 17 ambao sikuugusa, nitaurudia. Barabara zote pamoja zimekula mita za mraba 4,000, robo na kidogo.

Ile barabara ya mbele nimeiweka kwa makusudi. Mchoro wenu ulikuwa na njia mbili zinazotumbukia kwenye barabara kuu, karibu karibu, na viwanja vya mbele navyo vikitaka kila kimoja mlango wake kwenye lami. Malori ya kwenda na kutoka bandarini yanapita hapo. TANROADS hawatakubali milango sita ndani ya mita 90, na wako sahihi. Barabara ya ndani inawakusanya watu wote na kuwatoa mahali pamoja. Wale wanaotaka fremu watajenga wakiitazama hiyo, na mteja atakuwa na pa kuegesha.

Na kwa nini zifike mpaka wa nyuma wakati huko nyuma ni mihogo ya jirani? Kwa sababu jirani naye atakufa, na watoto wake nao watakata viwanja. Afisa akishika mchoro wenu anaangalia na wa jirani kama upo, na kama haupo anaufikiria. Barabara yenu ikiishia kwenye ukuta wa kiwanja namba 18, jirani atachora yake kivyake, zitapishana mita saba, na mtaa mzima utakuwa wa njia zisizopita. Mkiacha ncha wazi, yeye ataunganisha, na ninyi mtapata njia ya pili ya kutokea siku ya moto au mafuriko. Nendeni kwake mapema, hata leo jioni. Nimewahi kuona familia mbili zikikubaliana kuchora pamoja, kila moja ikatoa mita 5 mpakani, na wote wakaokoa viwanja.

Naona kaka anahesabu: vilikuwa 36, ghafla ni 24. Lakini tulishasema ni 32. Kwa hiyo mnapoteza vinane. Ili fedha zilingane, kila kiwanja chenu kilichopimwa kiuzwe kwa bei inayozidi ile ya hatua kwa theluthi moja tu. Aende kwa dalali yeyote wa Pongwe au Kange, aulize bei ya kiwanja kisicho na njia na bei ya kiwanja chenye barabara na hati, kisha arudi tuongee. Gharama za mchoro na upimaji zipo, sizifichi, na familia nyingi huzilipa kwa kuuza viwanja viwili vitatu vya kwanza baada ya mchoro kupita. Mgawane kile kinachobaki.

Umeniuliza fidia. Ardhi ya barabara za ndani ya mchoro wenu, kwa kawaida hamlipwi. Ninyi ndio mnaogawa, na barabara hizo ndizo zinazofanya vipande vyenu viitwe viwanja. Mtailipwa ndani ya bei ya kila mnunuzi. Mambo ni mengine kama jiji lingetaka kupitisha kwenye shamba lenu barabara pana ya kwenda kwingine, isiyo na uhusiano na mgawo wenu. Hapo ni utwaaji wa ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kama kwenye maandishi ya mchoro kuna barabara ya namna hiyo, nipe habari. Kwa ulichoniandikia, hakuna.

Tena sisi tunabebwa. Katika miji mingi ya Marekani, anayekata viwanja hadaiwi ardhi peke yake. Bodi ya mipango humtaka aijenge barabara yenyewe, lami, mitaro na yote, au aweke dhamana ya fedha kwamba ataijenga, ndipo auze. Hapa mnaacha nafasi tu, kujenga kunasubiri TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kurefu, nisikudanganye. Lakini tangu TARURA ianze mwaka 2017 nimewaona wakifanya kazi: wakija na bajeti ya kuchonga au kuweka lami, huanza pale ambapo nafasi ipo kwenye ramani. Penye ugomvi wa ukuta huruka, wanapeleka greda mtaa mwingine.

Kuuza kwa hatua ubaya wake ndio huo. Mnunuzi ataondoka na karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa mtaa. Akitaka hati, hana. Baada ya miaka kadhaa utakuja urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, wataunda kamati ya wakazi, na hapo zile mita 5 mlizomnyima zitatafutwa tena, safari hii ndani ya baraza lake na choo chake. Atawakumbuka kwa majina.

Maji. Hili kijana wenu hakuliandika kabisa. Leo masika ikinyesha, maji yanaingia kwenye shamba polepole kwa sababu kuna majani na minazi. Weka mapaa 24 ya mabati na nyua zilizosakafiwa, maji yote yatakimbilia upande mmoja. Mtaalamu apime mwinuko, aoneshe mitaro inafuata barabara gani na inamwagia wapi, na pasiwe uani kwa jirani. Kama kuna bonde dogo au mkondo unaojaa masika tu, msilifukie wala kulikatia kiwanja. Nenda shambani na mzee anayepajua, akuoneshe maji ya mvua kubwa yalipita wapi. Mzee huyo ana ramani kuliko mimi. Halafu karo za vyoo: kila nyumba itakuwa na yake, na kama mtu atachimba kisima, umbali uzingatiwe tangu kwenye mchoro.

Kabla ya yote haya, nani anatia sahihi? Shamba bado ni la marehemu. Halmashauri ikipokea mchoro uliotiwa sahihi na kaka peke yake, dada mmoja akipinga, kazi yote inasimama. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mwombe iteue msimamizi wa mirathi, mwende na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Si lazima awe kaka mkubwa. Najua usemi huo hautapendwa.

Kisha ombeni maelezo ya kamati kwa maandishi, hoja moja moja, na mtaalamu wenu ajibu moja moja. Kama mnaona mita 10 ni nyingi kwa njia fupi ya nyumba chache, semeni, leteni mchoro mbadala na sababu. Nimekaa kwenye vikao ambavyo madiwani walibadili mawazo kwa sababu mwenye shamba alikuja na karatasi nzuri badala ya kelele. Kuhusu hifadhi ya barabara kuu hapo msipoteze pumzi.

Nimebakiza ule mkanda wa nyuma, mita 17. Barabara mbili zinaukata vipande vitatu. Cha katikati ni mita 17 kwa 35, hicho kioneshwe kama eneo la wazi, na kama mwembe umeangukia hapo mshukuruni Mungu, watoto wana kivuli tayari. Makaburi yasiwe ndani ya uwanja wa kuchezea. Yawekewe mpaka wake kwenye kipande cha pembeni, yaandikwe makaburi kwenye mchoro, yapakane na barabara ili ndugu wafike bila kuomba ruhusa kwa mwenye kiwanja. Kipande cha tatu kaka ataomba kigeuzwe kiwanja cha 25. Ajaribu, kamati ikikataa, kitafaa kwa huduma za mtaa. Ila kabla mpimaji hajafika, nendeni wenyewe mkapime kutoka mwembe hadi kaburi la babu kwa utepe na mwandike namba hiyo, kwa sababu umeniambia viko nyuma lakini hukuniambia kipi kiko upande gani, na mchoro wangu wote huu unasimama hapo.